Kabla ya Kutua

Usiku wa Juni, Uyole. Umeme umerudi saa nne.
Nimejifunga blanketi kiunoni, vidole vimekufa ganzi,
naandika sayari.

Ni ya mia tatu na kumi na mbili. Haina jina.

Hadi mwezi uliopita gemu letu lilikuwa katili:
unaona duara jekundu gizani, unatua, unakufa.
Vijana wa kibanda cha Gwakisa, kule Mwanjelwa,
waliolipa mia mbili-mbili kwa dakika kumi,
walikufa mara arobaini na moja Jumamosi moja.
Tumpe, wa darasa la sita, aliweka rimoti chini
akaniuliza kwa upole wa hakimu:
"Kaka, hata kuchungulia hairuhusiwi?"

Swali likapanda nami bajaji hadi nyumbani.

Maana mimi nimezaliwa na mchunguliaji.
Mama, alipokwenda kukodi shamba Umalila,
hakuanza na bei. Alizunguka.
Aliona kangaga ukingoni, majani yale ya vidole vilivyojikunja,
akaguna: udongo mchachu huu, utadai chokaa.
Akaokota bonge, akalifinya, akalinusa,
akaligusisha ncha ya ulimi
(mate nikatema mimi).
Akauliza asubuhi ukungu hulala wapi,
kwani ulalapo ukungu, Julai hulala jalidi,
na kiazi hakina ubishi na jalidi.
Akahesabu vichuguu vya fuko. Saba.
Ndipo akasema: haya, bei?

Basi nikaandika.
Kitambuzi cha kwanza nikakiita Kangaga:
kinapita juu, kinasoma uchachu.
Cha pili Bonge: unakidondosha, kinafinya, kinarudisha rangi.
Cha tatu Jalidi, kinakesha angani
kikichora mabonde ambamo baridi hujikusanya.
Cha nne Fuko. Fuko kinachimba, hakirudi.
Nilisema ni hitilafu;
Anyelwisye, mchoraji wetu, anasema ni tabia.

Jumamosi iliyofuata hakufa mtu.
Nikakaa kwenye kreti la soda, nikisubiri kufurahi.
Gwakisa ndiye aliyeona.
"Mbona hawatui?"

Kweli. Walielea juu kama mwewe walioshiba,
wakitupa vitambuzi, wakisoma asilimia,
haifai, twende, haifai, twende,
sayari tisini bila unyayo hata mmoja.
Lile bonde la maua nililolichora wiki tatu
nikiikumbuka Kitulo ya Desemba, miguu imelowa hadi magotini,
lilipata nne kwa kumi.
Tumpe hakupunguza hata mwendo.

Nikampigia mama. Simu ikakatika mara mbili.
Nilimweleza kwa lugha ya mashamba, akacheka.
"Lile la Umalila si lilinitupa mwaka wa kwanza?
Nilipima kila kitu, mwanangu. Jirani sikumpima."
Akamtaja Atuganile, aliyetokea siku ya pili
na ndoo ya mbegu kichwani, bila kuitwa.
"Yule haonekani ukiwa barabarani.
Na hadi leo tunazikana."

Saa saba sasa.
Nafuta namba moja katika kila sayari.
Siifichi popote; hata mimi sitaijua,
kompyuta itaizaa mguu ukigusa vumbi.
Naacha kisanduku wazi, mstari mweupe ukipepesa,
na Kangaga, na Bonge, na Jalidi, wakifika hapo
wanaandika tu: *hatujui.*

Labda Tumpe atakasirika. Labda atapita, haifai, twende.
Kuchungulia ni haki yake, siirudishi nyuma.
Fuko nimekiacha kilivyo.

Nje ukungu umeshuka hadi kwenye kamba ya nguo,
shati langu la kesho limo humo mahali fulani.
Ya mia tatu na kumi na mbili nimeihifadhi bila jina.
Umeme ukikatika sasa, hiyo angalau imebaki.